Basi Lililokataa Kukauka

Ijumaa ya tatu ilimkuta Sindano amesimama mbele ya basi lake, kikombe cha chai mkononi, akilitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa ambaye daktari amesema atapona lakini hataji siku.

Lilikuwa basi la shule lililostaafu. Viti vyote vilikwisha kung'olewa, na mahali pake palisimama cherehani tatu, meza ndefu ya kukatia vitambaa, kabati la nyuzi, na nyuma kabisa, upande wa pili wa pazia, kitanda kimoja chembamba. Duka lake, karakana yake na chumba chake vyote vingekuwa humo. Zilibaki kazi mbili tu: kulibadilisha rangi na kulifunga imara. Askari wa barabarani alikuwa amemweleza kwa upole kwamba njano ile ni ya wanafunzi, na gari lisilobeba wanafunzi halina ruhusa ya kuivaa. Sindano hakubishana naye, kwa kuwa alikwisha kuyaona mwenyewe. Kila aliposimama, watoto walilikimbilia basi wakiwa na mikoba migongoni, na asubuhi moja alilazimika kuwashusha wawili waliokwisha kukaa sakafuni wakingoja safari.

Wenzake ndio waliompa jina la Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Jumatatu asubuhi alitakiwa awe katika uwanja wa hospitali moja kubwa, mwendo wa siku nzima kutoka pale, aanze kazi ya mwaka mzima ya kushona sare za wauguzi. Asipofika asubuhi hiyo, kazi ingepewa mwingine. Hilo aliambiwa mara mbili, na mara ya pili aliambiwa kwa maandishi.

"Mgonjwa wako kaamkaje?" aliuliza muuza chai wa langoni, mama mnene asiyepitwa na neno. "Maana hilo basi limekuwa mjamzito aliyepitisha siku. Kila mtu anauliza, na mkunga anasema subirini."

"Muulize mkunga mwenyewe," Sindano alijibu.

Mkunga, yaani fundi rangi, alikuwa juu ya ngazi akibandika karatasi kwenye kioo cha dirisha ili rangi isikiguse. Alikuwa mtu mrefu, mwenye miaka arobaini na miwili, mwenye sauti ya chini na mikono isiyokuwa na haraka. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita. Tangu hapo alikuwa akipaka magari ya watu mchana na kurudi jioni kwenye chumba ambacho, kwa maelezo yake mwenyewe, hakikuwa na rangi yoyote. Aligeuza shingo, akamwona Sindano chini ya ngazi, akashuka vidato viwili bila sababu ya kushuka.

"Umeamka salama?"

"Salama, fundi. Kaka yangu anakuja leo saa sita."

Mkono wa fundi ulisimama.

"Leo? Si ulisema Ijumaa ijayo?"

"Nilisema hivyo kwa sababu wewe ulisema hivyo. Hospitali haijui habari za Ijumaa ijayo. Kesho alfajiri tunaondoka, basi likiwa na rangi au likiwa na madoadoa."

"Koti la tatu la rangi halijapigwa."

"Lipige."

"La pili bado changa, Sindano. Ukipiga la tatu juu ya changa litaumuka kama unga wenye hamira, kisha litachubuka lote. Mvua ya kwanza tu utaiona njano ile pale."

"Changa tangu Jumatatu?"

"Rangi ya gari ina mambo yake. Ukiikimbiza inakukimbia."

"Mimi koti nalishona siku mbili, lina bitana na mifuko minne. Lako wiki nzima, na halina hata kifungo."

Fundi alicheka, na alipocheka alimtazama kidogo zaidi ya kadiri ambayo kicheko kile kilihitaji. Sindano aliona. Alikuwa akiona kwa siku nyingi. Hakuyakwepa macho yale, wala hakuyakaribisha. Aliyaacha yapite kama mtu aliyeketi barazani anavyomwacha mpita njia atoe salamu. Ila alikuwa amegundua kwamba siku za Jumapili, karakana ilipofungwa, chai yake haikuwa na ladha.

Siku ya kwanza alipoleta basi, alimpa fundi sharti moja. Kila mlango, pamoja na ule wa dharura wa nyuma, uwe na komeo madhubuti la kuwazuia wezi, lakini ufunguke kwa ndani, kwa mkono mmoja, bila ufunguo. Fundi hakuuliza kwa nini. Siku ya nne Sindano alimweleza bila kuulizwa. Mume aliyeachana naye alikuwa na desturi ya kufunga mlango kwa nje kila alipotoka, akidai kwamba anamlinda. Miaka saba. Fundi alisikiliza, akaendelea kusugua msasa, na kesho yake Sindano alikuta komeo lililowekwa jana limeng'olewa na kuwekwa jingine, laini zaidi, linalofunguka kwa kidole kidogo.

Kwa sababu hiyo alimwamini. Na kwa kuwa alimwamini, jana yake jioni alikuwa ameapa.

Kaka yake alikuwa dereva wa malori ambaye madereva wenzake walimwita Breki, kwa kuwa alikuwa wa kwanza kusimama kila penye shaka. Alipiga simu akaongea taratibu, na hiyo ndiyo ilikuwa ishara yake ya hasira.

"Fundi gani anayepaka basi moja wiki tatu? Niambie kweli, mdogo wangu. Ni rangi haikauki, au ni wewe hutaki ikauke?"

Sindano alihisi uso unawaka moto hata kwenye simu. Aliapa kwa kaburi la mama yao kwamba ni rangi. Breki akasema, "Haya, umeapa," akakata.

Asubuhi hii, fundi alipopanda tena ngazi, Sindano aliingia ndani ya basi kukunja vitambaa. Aliona tone la buluu kwenye ukosi wa sare ya mfano, ile aliyotakiwa kuionyesha hospitali siku ya Jumatatu. Lilikuwa dogo, lakini kwenye kitambaa cheupe tone dogo ni kubwa. Alijua kwamba rangi ile hutoka kwa tina, dawa ya kuyeyushia rangi, na kwamba tina iko stoo. Hakutaka kumshusha mtu ngazini kwa ajili ya tone. Alikwenda mwenyewe.

Stoo ilikuwa chumba chembamba chenye harufu kali. Chupa ya tina aliiona mara moja. Karibu yake lilikuwa kopo kubwa la rangi, lile ambalo fundi alilimimina kidogo kidogo kwenye kopo dogo lisilokuwa na karatasi kabla ya kutoka nalo uani. Sindano hakuwahi kuliona kopo hili kubwa. Lilikuwa na maandishi pande zote.

Ilikuwa imepita miaka miwili tu tangu ajifunze kusoma, katika darasa la jioni la watu wazima, akiwa dawati moja na mzee mwenye wajukuu tisa. Tangu hapo hakuacha neno lipite. Alisoma vibao, maboksi ya sabuni, makaratasi ya gazeti yaliyofungiwa misumari. Fundi alifurahia jambo hilo, akawa anamwonyesha maandishi ya magari yanayoingia na kumwuliza, "Hili linasemaje?" Basi alisoma na kopo, kwa mazoea tu, kidole kikifuata mstari.

*Hukauka kwa kugusa: saa mbili. Koti linalofuata: baada ya saa kumi na sita.*

Alisoma tena. Kisha akasoma mara ya tatu, na safari hii alijilazimisha kutaja silabi moja moja kama siku za mwanzo darasani. Kwanza alijishuku yeye. Huenda ilikuwa siku, naye akasoma saa. Huenda maandishi haya yalikuwa ya rangi nyingine. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani huwa tayari kuamini kwamba herufi zimemdanganya kabla ya kuamini kwamba mtu amemdanganya. Lakini neno lilikuwa saa, na buluu iliyoganda ukingoni mwa kopo ilikuwa ile ile iliyokuwa ukosini mwa sare.

Alilibeba kopo kwa mikono miwili mpaka chini ya ngazi.

"Fundi. Shuka kidogo, nisomee hapa. Nadhani nimekosea."

Fundi aligeuka, akaona kopo. Alishuka vidato vyote. Hakulipokea; aliinama tu akatazama pale palipokuwa na kidole cha Sindano.

Neno moja lingemtosha. Angesema tu, "Ndiyo, umekosea," Sindano angeamini, angerudisha kopo stoo, na kuanzia siku ile angeogopa kila alichokisoma. Wote wawili walilijua hilo. Karakana ya jirani walikuwa wakikata bati, na fundi alingoja msumeno unyamaze.

"Hujakosea," alisema.

Sindano aliliweka kopo chini.

"La pili lilikauka lini?"

"Jumanne asubuhi ningeweza kupiga la tatu."

"Na la kwanza?"

"Siku moja baada ya kulipiga."

"Na ile praima, rangi ya chini uliyosema ina mafuta, lazima ikae siku tano ikijinyoosha?"

"Praima haijinyooshi popote. Ilitaka siku moja."

"Kwa hiyo hizi wiki tatu."

"Rangi na msasa, siku sita. Milango, makomeo, nyavu za madirisha na kuzifunga cherehani sakafuni, tuseme zote siku tisa." Alisema kwa sauti ile ile ya chini, kama anayemtajia mteja kazi zake. "Zilizobaki niliziongeza mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kila asubuhi ulikuwa unaingia pale langoni na kikombe chako."

Sindano alitazama pembeni. Maneno yale yalimwingia mahali ambapo alikuwa amepafunga kwa muda mrefu, na yalimkera zaidi kwa kuwa yaliingia bila taabu.

"Ungesema, fundi."

"Ningesema nini? Mtu kanunua basi zima ili aondoke. Mimi na brashi yangu nimwambie usiende?"

"Ndiyo, ungeniambia. Ningekuwa na la kukujibu, labda baya, labda zuri. Hukuniambia. Ulinipangia."

"Sikukufungia mlango wowote, Sindano. Milango yote nimeitengeneza kama ulivyotaka."

"Hukunifungia. Ulinifanya nikae mwenyewe, nikidhani nangoja rangi." Alipangusa mikono kwenye kanga yake, ingawa haikuwa na kitu. "Yule wa kwanza angalau nilikuwa nasikia ufunguo ukigeuka."

Fundi alilitazama kopo. Hakuwa mtu wa kujitetea sana, na hata angekuwa, hapakuwa na pa kuanzia.

"Jana nimemwapia kaka yangu," Sindano aliendelea. "Kwa kaburi la mama. Alidhani ni mimi ninayechelewesha, kwa ajili yako. Nikamwambia ni rangi."

"Nisamehe."

"Msamaha una wakati wake. Sasa hivi ni saa tatu. Saa sita kaka atakuwa hapa. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako. Usipomwambia, mimi sitamwambia. Nitapanda basi langu niondoke, na hutaniona tena, wala hutasikia kwamba nimekusema kwa mtu."

"Na nikimwambia?"

"Utakuwa umemwambia. Sikuahidi kitu zaidi."

Aliinama, akachukua rola ya pili ya kupakia rangi.

"Hiyo ya nini?"

"Kama ni saa kumi na sita, tukimaliza saa nane mchana litakuwa tayari saa kumi na mbili asubuhi. Panda upande wako. Mimi nachukua chini ya madirisha."

Walipaka. Kwa saa tatu hawakuzungumza ila mambo ya kazi: punguza mkono, hapo panatiririka, nipe kitambaa. Buluu iliyokoza ilifunika buluu iliyopauka, na sehemu za mwisho za njano, kwenye pembe za milango na chini ya taa, zikatoweka moja baada ya nyingine. Jina la shule lilikuwa bado likionekana kama kovu jua lilipolilenga; fundi alipita juu yake mara mbili. Mara moja rola zao zilikutana pembeni mwa gurudumu la nyuma. Kila mmoja aliondoa mkono wake ampishe mwenzake, sehemu ile ikabaki bila kupakwa, na muuza chai, aliyekuwa akiyaona yote kutoka langoni, akapaza sauti: "Hapo pameachwa, nyinyi."

Breki alifika saa sita kasoro dakika tano, kwa miguu, begi begani. Alilizunguka basi mara moja, mikono nyuma, bila kumsalimu mtu. Kisha alinyoosha kidole akaligusa ubavuni, akakitazama kidole.

"Ndilo hili lililokataa kukauka?"

"Koti hilo ni la leo, kaka," fundi alisema akishuka ngazini. "Karibu."

"Nimekaribia." Breki alipangusa kidole kwenye gurudumu. Alikuwa mfupi, kipara, mwenye macho ya mtu aliyezoea kutazama mbali. Alimwona dada yake ameshika rola, shavu lina buluu, na uso wake ukalainika kidogo. Na kwa kuwa alimpenda, alitafuta njia ya kumtoa dada huyo aibuni mbele ya watu. "Nimewauliza madereva wenzangu. Wanasema rangi za siku hizi mbovu, zimechakachuliwa. Mtu anapaka leo, mwezi unaandama haijashika. Labda ndivyo ilivyokuwa, fundi."

Mlango wa kujiokoa ulikuwa umefunguliwa wazi mbele ya fundi. Sindano hakumtazama. Aliendelea kusukuma rola yake juu na chini mahali palipokwisha kupakwa.

"Rangi ni nzuri," fundi alisema. "Mbovu nilikuwa mimi."

"Unasemaje?"

"Ilikuwa inakauka kila siku. Nilimdanganya dada yako. Kazi ya siku tisa nimeifanya wiki tatu ili asiondoke. Yeye hakujua. Amesoma kwenye kopo leo asubuhi, mwenyewe."

Breki alilihamishia begi bega la pili. Kisha alimgeukia dada yake.

"Ulijua?"

"Nimejua leo saa tatu."

"Jana nilikuambia neno."

"Uliniambia."

"Naliondoa."

"Limeondoka," Sindano alisema, na rola ikatulia mkononi mwake.

Breki aliweka begi chini, akavua shati, akabaki na fulana. Fundi alidhani kwamba atapigwa, akasimama wima apate kupigwa vizuri. Lakini Breki alinyoosha mkono tu.

"Nipe spana. Namba kumi na saba na kumi na tisa. Mtu akidanganya juu, sijui chini kaweka nini. Dada yangu atalala humu."

Alichukua nusu saa. Alilala chali chini ya basi akavuta kila boliti iliyoshika cherehani. Alitikisa meza, akatikisa kabati, akaning'inia kwa uzito wake wote kwenye wavu wa dirisha mpaka muuza chai akamwambia ashuke kabla hajalipindua. Mwishoni aliingia ndani, akajifungia mlango wa dharura, na wote wakasikia komeo likiingia mahali pake. Kisha mlango ukafunguka, na Breki akaonekana ameinua kidole chake kidogo, akikitazama.

"Kazi ni nzuri," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekuta kokoto kwenye kiatu. "Ni nzuri sana. Inaniudhi."

"Nina jambo la pili, shemeji," fundi alisema.

"Shemeji wa nani? La kwanza bichi, unapiga la pili?"

Muuza chai alicheka mpaka akashika nguzo ya lango. Fundi hakucheka. Alikuwa ameikunja kofia yake mikononi.

"Namtaka dada yako. Kwa ndoa. Ningelisema hili siku ya kwanza, yasingekuwapo haya mengine. Nalisema sasa, nikijua kwamba siku niliyoichagua ni mbaya."

Breki alivaa shati lake, akafunga vifungo vyote bila haraka.

"Nikuambie kitu. Dada yangu alifungiwa miaka saba. Aliyeuvunja ule mlango ni mimi, kwa chuma cha kufungulia gurudumu. Nikamkuta amekaa sakafuni anashona, maana hakuwa na kingine cha kufanya. Nikajiambia, huyu hatafungiwa tena na mtu. Wewe umemfungia kwa brashi. Kwa upole, kwa mapenzi, sijui kwa nini, lakini umemfungia. Ukiniuliza mimi, jibu ni hapana."

"Nimesikia."

"Lakini hukunitaka mimi. Muulize anayetakiwa."

Wanaume wote wawili walimtazama Sindano. Alikuwa amechuchumaa, anasafisha rola kwa tina.

"Mnaniharakisha," alisema. "Nitajibu nikiwa tayari." Na siku ile hakuongeza neno. Saa nane mchana kazi ilikwisha. Breki alihesabu kwa vidole saa kumi na sita, akahesabu tena, akaridhika.

Asubuhi ya Jumamosi karakana ilikuwa kimya, hata muuza chai hajawasha jiko. Basi lilikuwa kavu. Breki alipitisha kiganja chote ubavuni, akakitazama, akapanda kwenye usukani bila maoni.

Fundi alikuwa amefika kabla yao. Alivaa shati safi, na nywele zake zilikuwa na maji ya kuoga. Alisimama karibu na mlango wa mbele, lakini si mbele yake. Sindano aliliona hilo: alikuwa ameacha njia.

"Ulilala?" alimwuliza.

"Hapana. Wewe?"

"Kidogo." Alilipakia begi lake la mwisho, akashuka tena chini, akasimama naye. "Jana ulikuwa na nafasi. Kaka alikupa uongo mzima umekwisha kukatwa na kushonwa. Ulikuwa wa kuvaa tu."

"Niliuona."

"Kwa nini hukuuchukua?"

"Ningeuchukua, ungeondoka ukiwa unanijua kuwa mwongo, na mimi ningebaki nikijua kwamba unanijua. Heri uondoke umekasirika."

"Nimekasirika."

"Najua."

"Na vilevile sijakasirika." Alisema hivyo akitazama viatu vyake. "Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Ningekasirika tu, ningelala."

Fundi alingoja. Alikuwa fundi wa kungoja, na mara hii alingoja kitu ambacho hakukipanga yeye.

"Kwa wiki sita za kwanza nitashona sare mia mbili," Sindano alisema. "Sitakuwa na nafasi ya mtu, wala ya kuwaza mtu. Wiki ya saba wananipa siku mbili za kupumzika. Njoo siku ya kwanza, asubuhi. Usije na zawadi, wala na mtu wa kukusemea. Na usinipigie simu kabla ya hapo kuniuliza nimeamkaje."

"Nikija utanijibu nini?"

"Sijui."

"Hujui kabisa?"

"Ningejua ningekuambia sasa hivi, ukabaki au ukaja. Sijui. Ndiyo maana nakuambia uje."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alinyoosha mkono wa kuaga, akaurudisha, akaona haya, akaunyoosha tena. Sindano aliushika. Mkono ulikuwa mkavu, wenye ngozi ngumu na mstari wa buluu chini ya kila ukucha. Aliushika kwa muda ambao mtu aliyekuwa kwenye usukani aliona ni mrefu, akakohoa.

Sindano akapanda. Mlango ukafungwa kwa ndani, kwa mkono wake mwenyewe.

Breki aliwasha injini, akalitoa basi langoni polepole, vioo vya pembeni vikikaribia kugusa nguzo, akaingia barabarani. Hakuna mtoto aliyelikimbilia. Walipita kituo cha kwanza, cha pili, mzunguko wa barabara, mpaka nyumba zilipoanza kuachana.

"Yule ni mwongo mbaya sana," Breki alisema hatimaye. "Hajui hata kuokota uongo wa bure."

"Ndiyo."

"Mwongo hodari ndiye wa kuogopa." Alibadilisha gia. "Bado nasema hapana. Ila nasema tu."

Sindano alikuna buluu iliyobaki kwenye ukucha wake.

"Lakini wiki sita ni nyingi, mdogo wangu. Mtu mzima yule, ataota mvi. Kwa nini usimwambie mbili?"

Sindano alifungua dirisha la pembeni yake, upepo ukaingia.

"Zile tatu alizipanga yeye," alisema. "Hizi ni zangu."